Robo Sauti: Historia ya Istilahi Moja, kutoka Kanuni hadi Kompyuta

Katika Kiswahili tumezoea kupima umbali kati ya sauti mbili za muziki kwa maneno matatu: sauti nzima, nusu sauti na robo sauti. Mawili ya kwanza hayana ubishi. Mtu akikaa mbele ya piano akabonyeza kibao cheupe kisha cheusi kilicho ubavuni mwake, amepiga hatua ya nusu sauti. Akipiga hatua mbili za namna hiyo amefika sauti nzima. Tangu sauti moja hadi sauti ya jina lile lile iliyo juu yake, umbali uitwao oktava, piano ina hatua 12 za nusu sauti, zote sawasawa. Robo sauti haimo humo. Imo katika udi, katika fidla, katika kanuni, na zaidi ya vyombo vyote imo kooni mwa mwimbaji.

Neno hili la tatu ndilo tunalotaka kulifuatia historia yake, kwa kuwa sasa linawajia watafsiri na walimu kwa mlango mpya. Ziko programu za kompyuta ambazo kazi yake ni kutunga na kusikiliza muziki ambao sauti zake hazipatikani kwenye piano. Atakayetafsiri maelezo ya programu hizo, au kuyafundisha darasani, atalazimika kuchagua maneno, na baadhi ya maneno hayo yana hukumu ndani yake.

Tumchukue mwanafunzi wa madrasa wa Mwera, wilayani Pangani, anayerekodi kasida kwa simu ya mkononi. Kasida yake i katika makamu ya bayati, ambayo hatua yake ya kwanza si nusu sauti wala si sauti nzima, bali ni robo tatu za sauti. Ndani ya simu mna programu ya muziki yenye kitufe kilichoandikwa maneno yenye maana ya kusahihisha sauti. Akikibonyeza, kasida yake hurudi ikiwa si bayati tena. Kilichosahihishwa hakikuwa kosa. Ni hatua aliyoipokea kwa mwalimu wake, naye mwalimu aliipokea kwa wake. Jinsi jambo hili linavyotokea tutalieleza kwa tarakimu baadaye. Kwanza yafaa tujue hatua hiyo ilifikaje pwani yetu, na ilipataje jina.

Hatua zilizo katikati ya zile za piano ni za zamani kuliko piano yenyewe. Wanazuoni wa muziki wa Kiarabu humtaja Zalzal, mpiga udi wa Baghdad wa karne ya 8, kuwa ndiye aliyeweka kidole cha kati mahali pasipokuwa pa sauti kubwa wala ndogo, na al-Farabi alikieleza kituo hicho katika karne ya 10 kwa hesabu za urefu wa uzi. Hata hivyo watu hao hawakuzungumza juu ya robo. Wao waligawa uzi kwa uwiano wa tarakimu, na vipande vilivyopatikana havikuwa sawa. Wazo la kugawa oktava katika vipande 24 vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa robo ya sauti nzima, lilipata nguvu katika karne ya 19, na mmoja wa walioliandikia ni Mikhail Mishaqa (1800–1888) wa nchi ya Sham. Kwa hiyo neno robo ni la juzi tu ukilinganisha na kitu chenyewe. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani baadaye litatusaidia kuamua neno litumike wapi na lisitumike wapi.

Zanzibar yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na pamoja na vyombo vikaingia majina: rasti, bayati, sika, hijazi, saba, na takasimu na bashrafu. Siti binti Saad, aliyeenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, aliuhamisha muziki huo kutoka Kiarabu kuutia katika Kiswahili. Maneno ya nyimbo yalibadilika, lakini makamu zilibaki.

Hapa tuseme kidogo juu ya neno makamu lenyewe, kwani limewakwaza baadhi ya wahariri. Msomaji akiona "makamu ya bayati" huenda akamfikiria makamu wa rais, au mtu wa makamu, yaani asiye kijana wala mzee. Asili ni moja: neno la Kiarabu lenye maana ya mahali au kisimamo. Naibu husimama mahali pa mkubwa wake, na wimbo nao una mahali unaposimama. Wako wanaoandika "maqamu" ili kutenga maana. Sisi hatuoni haja ya kuingiza herufi isiyo katika alfabeti yetu kwa sababu ya homonimu moja. "Kaa" la moto na "kaa" wa pwani wanaishi vizuri katika kamusi bila kugombana.

Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, chini ya Mfalme Fuad. Walikuwako wanamuziki wa nchi za Kiarabu na Uturuki, na wageni kutoka Ulaya, akiwemo mtunzi Béla Bartók wa Hungary. Mojawapo ya maswali yao lilikuwa hili: je, robo 24 ziwekwe sawasawa na kufanywa kipimo rasmi? Waliojaribu kupima walikuta kwamba wapigaji hawakubaliani na hesabu, wala wao kwa wao hawalingani. Sika ya mahali pamoja ilikuwa juu zaidi ya sika ya mahali pengine. Swali la pili liliwagawa vile vile: je, piano iruhusiwe? Waliopinga waliogopa kwamba chombo chenye sauti zilizofungwa kitawafunga na wasikilizaji masikio.

Hofu hiyo haikuwa ya bure, na upande wetu wa Mrima unatoa mfano mzuri kuliko mwingine wowote tuujuao. Tanga, katika miaka ya 1960 na 1970, ilizaa taarabu yake yenyewe. Vikundi vya Young Novelty, kisha Black Star na Lucky Star, havikufuata utaratibu wa Zanzibar wa kundi kubwa la fidla na kanuni. Vilikuwa vikundi vidogo, vyenye gita la umeme, besi na kinanda cha umeme, na midundo iliyokaribia ile ya dansi. Mtindo huo ulipendwa ukafuatwa hadi Mombasa, na mwaka 1989 nyimbo za Black Star na Lucky Star zilitolewa London katika sahani iitwayo Nyota. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, alijulikana Afrika ya Mashariki nzima kwa sauti yake katika vikundi hivyo.

Sasa tuviangalie vyombo. Shingo ya udi ni laini. Kidole hukaa popote sikio linapotaka. Kanuni ina vipande vidogo vya madini chini ya nyuzi, ambavyo mpigaji huvisimamisha au huvilaza ili kuufupisha uzi au kuurefusha, na hivyo kuipandisha au kuishusha sauti kwa kiasi kidogo sana. Gita lina vyuma vilivyopigwa shingoni kabisa, kila chuma na nusu sauti yake, na kinanda cha umeme kilirithi vibao vya piano. Kikundi kilichoshika gita na kinanda kilikuwa kimechagua, pengine bila kukaa kikao, hatua 12 tu. Hatusemi kwamba taarabu ya Tanga ilipungukiwa. Ilipata wepesi na mdundo ambao Unguja haikuwa nao, na ushairi wake haukushuka hata kidogo. Tunasema tu kwamba makamu kama rasti na bayati, ambazo uhai wake uko katika ile hatua ya kati, zilikosa pa kukaa katika vyombo. Zilibaki kooni, kwa kuwa koo halina vyuma, na zilibaki katika kasida, maulidi na usomaji wa Kurani, ambako hakuna gita la kuzizuia. Kwa hiyo katika mji mmoja, kijana aliweza kuimba mipango miwili ya sauti kwa siku moja: mmoja madrasa, na mwingine ukumbini. Hakuna aliyehitaji jina la tofauti hiyo mpaka mashine ilipouliza.

Kabla ya mashine kulikuwa na kipimo. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alipendekeza kwamba kila nusu sauti ya piano igawanywe katika vipande 100, na kila kipande akakiita senti. Oktava nzima ikawa na senti 1,200. Kwa kipimo hiki aliweza kulinganisha vyombo vya mataifa mbalimbali bila kuvilazimisha vifuate piano. Watafsiri wetu hawana kazi kubwa hapa, kwa sababu neno tunalo na hesabu yake tunaijua sokoni. Mwalimu aweza kusema hivi: nusu sauti ni shilingi moja, oktava ni shilingi 12, na robo sauti ni sumuni. Wazee watacheka, lakini wataelewa, na vijana ambao hawakuwahi kununua kitu kwa sumuni watajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1957 Max Mathews aliandika programu yake ya kutoa muziki kwa kompyuta katika maabara za Bell, Marekani. Kwa kompyuta ya namna hiyo sauti yoyote ni tarakimu tu, na haina sababu ya kupendelea hatua 12. Ukiipa mitetemo 440 kwa sekunde hutoa sauti ya A ya piano. Ukitaka robo sauti juu yake unaipa takriban 452.9. Kizuizi kililetwa baadaye na biashara ya vinanda. Mwaka 1983 viwanda vilikubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha vinanda na kompyuta, iitwayo MIDI. Lugha hiyo haitaji mitetemo. Hutaja namba ya kibao, kuanzia 0 hadi 127, na kila namba ni nusu sauti moja. Mipaka ya piano ikaandikwa upya ndani ya chombo ambacho hakikuwa na mipaka.

Njia ya kuponyokea iliachwa katika gurudumu dogo lililo upande wa kushoto wa kinanda, la kusogezea sauti juu au chini. Gurudumu hilo lina hatua 16,384, na kwa kawaida hufikia sauti nzima kila upande. Hivyo robo sauti ni hatua 2,048 kutoka katikati. Taabu yake ni kwamba husogeza sauti zote za njia moja kwa pamoja. Anayetaka kushusha sika peke yake na kuziacha nyingine hana budi kuipa kila sauti njia yake, na njia zenyewe ni 16 tu. Mwaka 1992 ukatolewa utaratibu rasmi wa kuipa kila namba ya kibao mitetemo yake, lakini si viwanda vyote vilivyoujali. Watengenezaji waliolenga soko la nchi za Kiarabu walipata ufumbuzi mwepesi zaidi: vitufe 12 vidogo, kimoja kwa kila sauti ya oktava, ambavyo kila kimoja kikibonyezwa hushusha sauti yake kwa sumuni.

Kwa upande wa programu, iliyojulikana zaidi kwa miaka mingi ni Scala, iliyoandikwa na Manuel Op de Coul wa Uholanzi. Mtumiaji huandika orodha ya senti, mstari kwa mstari, na programu humpigia orodha hiyo au huipeleka kwenye kinanda. Pamoja nayo umekusanywa mkusanyo wa maelfu ya orodha kutoka pande zote za dunia. Mwaka 2021 Khyam Allami, mwanamuziki wa asili ya Iraq, alitoa pamoja na wenzake programu mbili, Leimma na Apotome, zinazofanya kazi hiyo kwenye intaneti, akieleza wazi kwamba nia yake ni kuondoa dhana ya kwamba mpango wa Ulaya ndio mahali pa kuanzia. Mwaka 2024 programu kubwa ya studio, Ableton Live, katika toleo lake la 12, ikaingiza mipango ya sauti isiyo ya piano kuwa sehemu yake yenyewe. Kisichowezekana kwa gita la mwaka 1970 sasa kinawezekana kwa kompyuta ya kawaida.

Lakini ukuta mmoja bado, nao ni ule wa kitufe cha mwanafunzi wetu wa Mwera. Mwaka 1997 kampuni ya Antares ilitoa Auto-Tune, na baada yake zikafuata nyingi za namna hiyo, hadi katika simu. Programu hizi husikiliza sauti ya mwimbaji, huilinganisha na orodha ya sauti zinazoruhusiwa, kisha huipeleka kwenye iliyo karibu zaidi. Orodha inayotangulia kuwekwa kwa kawaida ni ile ya hatua 12. Tutazame bayati. Kwa hesabu ya robo, huanza 0, 150, 300, 500. Senti 150 ziko katikati kabisa ya 100 na 200. Mwimbaji akiwa chini kidogo, programu humpeleka 100, na orodha ikawa 0, 100, 300, 500: hiyo ni kurdi. Akiwa juu kidogo humpeleka 200, na hiyo ni nahawandi. Katika ubeti mmoja sauti yaweza kurukaruka kati ya makamu hizo mbili, asizoziimba hata moja. Baadhi ya programu zina orodha nyingine ndani yake, hata za Kiarabu, lakini atakayezitafuta ni yule tu aliyekwisha kujua kwamba zipo na kwamba anazihitaji. Kitufe kinachosema "sahihisha" hakimpi sababu ya kutafuta.

Ndipo tunapofika kwenye kazi yetu ya istilahi.

Kwanza, tunapinga tafsiri ya "kusahihisha sauti". Tulifikiria "kuvuta sauti", lakini maneno hayo tayari yana maana ya kurefusha matamshi. "Kunyoosha sauti" ni hukumu ile ile kwa vazi jingine. Tunapendekeza "kupatanisha sauti". Kitenzi hiki chahitaji pande mbili: sauti ipatanishwe na nini? Swali hilo likiulizwa, mtumiaji ataitafuta orodha. Vivyo hivyo gurudumu tulilolitaja: Waingereza huliita kwa neno lenye maana ya kupinda, na tafsiri ya haraka itakuwa "kupinda sauti". Kwa Mswahili kilichopinda chataka kunyooshwa. "Kusogeza sauti" chatosha.

Pili, robo sauti. Kuna kishawishi cha kulitumia neno hili kwa kila hatua isiyokuwemo katika piano, kwa kuwa ni la kwetu na linajulikana. Tunashauri lisitumike hivyo. Robo ni robo: senti 50. Amadinda ya Buganda ina hatua tano zinazokaribiana katika oktava, kila moja kiasi cha senti 240. Humo hamna robo hata moja. Wagogo wa Dodoma, ambao zeze na ilimba zao zilisikika duniani kwa mikono ya Hukwe Zawose, wanafuata mpango ulioelezwa na wachunguzi kuwa unatokana na sauti za asili zilizomo ndani ya uzi mmoja, ambazo hatua zake hupungua kadiri zinavyopanda: takriban senti 267, kisha 231, kisha 204. Kuziita hizo robo sauti ni kumsingizia Mgogo jambo asilolifanya. Hata katika rasti yenyewe, kama mkutano wa Cairo ulivyokuta, robo ni makadirio tu.

Lahitajika basi neno pana zaidi. Kanuni ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili ni njema, na tumeijaribu. "Vijisauti" lina dharau, kwani kiji- hudunisha. "Sauti za kati" litachanganywa na mpangilio wa kwaya. Lugha za Kibantu za jirani hazikutupa neno, pengine kwa sababu aliye na mpango wake mwenyewe hana haja ya kuuita kando ya mpango wa mwingine. Tunaona ni heri kukopa "mikrotoni", kwa mfano wa mikrofoni ambayo imekwisha kuwa mwenyeji, na kusema "muziki wa mikrotoni". Robo sauti itakuwa aina moja ya mikrotoni, nayo ibaki na maana yake.

Tatu, kitendo cha kuvipa vyombo sauti zake. "Mlinganyo" limekwisha kuchukuliwa na walimu wa hesabu. Tuseme "kulinganisha sauti" kwa kitendo, na "mpango wa sauti" kwa matokeo yake. Faili inayohifadhi mpango huo iitwe "orodha ya senti", kwa sababu ndivyo ilivyo.

Orodha ya senti ya rasti, kwa hesabu ya robo, mwalimu aweza kuiandika mwenyewe kwenye programu kwa dakika moja: 0, 200, 350, 500, 700, 900, 1050, 1200. Ikianzia C ya katikati ya piano, yenye mitetemo 261.63, sauti ya tatu itakuwa takriban 320, wakati piano ina 311 na 330 tu. Kisha aibadilishe 350 iwe 340, halafu 360, na awaulize wanafunzi waliozoea kasida ni ipi wanayoiimba wao. Jibu lao liandikwe kwenye orodha pamoja na jina la mahali lilipotolewa, iwe Mwera, Tanga mjini au Unguja.